Bajeti ya 2025/26 imefika trilioni 56.49: je, kampuni ndogo ikope ili iiuzie Serikali zaidi?

Muuza vifaa vya ofisi, Morogoro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaendesha kampuni ndogo ya vifaa vya ofisi hapa Morogoro: karatasi, wino wa printa, mafaili, kompyuta chache na matengenezo yake. Zaidi ya nusu ya mauzo yangu yanakwenda kwa taasisi za umma, hasa halmashauri mbili na chuo kimoja, na kinachobaki ni cha shule binafsi na wateja wa dukani.

Mwezi Juni 2025 nilifuatilia hotuba ya bajeti kwa makini. Mwaka wa fedha 2024/25 Bunge lilipitisha shilingi trilioni 49.35, na mwaka huu wa 2025/26 ni trilioni 56.49. Ongezeko hilo si dogo. Papo hapo, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 pamoja na kanuni zake za 2024 zimeipa kampuni ya mzawa nafasi pana kuliko zamani, na zabuni zote ziko wazi kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi mtandaoni, kwa hiyo mtu hahitaji tena kukaa kwenye korido za ofisi akiulizia tangazo. Ukiyaweka yote pamoja, picha inavutia. Afisa wa benki yangu naye ameiona picha hiyo hiyo, na yuko tayari kunikopesha shilingi milioni 80 kwa dhamana ya hati ya nyumba, ili niombe zabuni kubwa kuliko zile nilizozoea.

Kinachonizuia kutia saini ni mambo matatu. Kwanza, halmashauri moja, ambayo sitaitaja, inadaiwa nami tangu Mei mwaka jana. Kila nikienda naambiwa deni langu limeshahakikiwa na linasubiri fedha. Pili, mwaka huu wa 2025 una Uchaguzi Mkuu mwezi Oktoba, na sijui kama ununuzi huongezeka au husimama wakati kama huo. Tatu, tangu Julai 2025 kuna zuio la Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) kwa bidhaa na huduma, yaani mnunuzi hukata sehemu ya malipo na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), juu ya zuio la kodi ya mapato tulilolizoea, na bado sijalipigia hesabu vizuri.

Naomba maoni ya waliowahi kukaa upande wa ofisi na ya wale wanaouza kama mimi. Je, kupanda kwa bajeti kunamaanisha kwamba kazi za watu wa aina yangu zitaongezeka?

Mhasibu mstaafu, Dodoma

Ndugu yangu wa Morogoro, nimekaa idara za uhasibu serikalini kwa miaka mingi, nami nakusihi uiweke kando ile trilioni 56.49 kwanza, kwa sababu haikuhusu kwa namna unavyofikiri. Katika fungu hilo kuna deni la Serikali, ambalo hulipwa kwanza kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, kisha mishahara ya watumishi, kisha miradi mikubwa ya reli, barabara na umeme ambayo wakandarasi wake wanajulikana. Karatasi na wino wako vinatoka katika kifungu kinachoitwa matumizi mengineyo, ile OC ambayo kila mtumishi wa umma anaifahamu, na hicho ndicho kifungu kinachoguswa kwanza makusanyo yanaposuasua. Jumla ya bajeti inaweza kupanda huku OC ya idara unayoiuzia imebaki palepale.

Kuna jambo lingine ambalo wazabuni wengi hulijifunza kwa maumivu. Fedha iliyopitishwa na Bunge ni ruhusa ya kutumia. Fedha yenyewe hutolewa na Hazina kidogo kidogo, kadiri makusanyo yanavyoingia. Ofisi inaweza kuwa na bajeti ya milioni 200 ya vifaa, ikapokea nusu tu hadi Machi, kisha ikapokea kiasi kikubwa wiki za mwisho wa Juni na kuanza kukimbizana nacho kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Ndiyo maana simu nyingi za kuomba bidhaa kwa haraka huja Juni, na ndiyo maana madeni mengi nayo huzaliwa Juni. Mtu anapokuambia “leta kwanza, hati ya ununuzi tutaiandaa baadaye”, jua kwamba hakuna fedha iliyofungwa kwa ajili yako. LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza bidhaa, inayotolewa na mfumo wa malipo wa Serikali wa MUSE inakuonyesha kwamba kifungu kipo na kiasi chako kimeshatengwa. Karatasi iliyochapwa mezani na kugongwa muhuri haionyeshi hivyo, hata kama aliyeisaini ni rafiki yako wa siku nyingi.

Kwa upande wa halmashauri hali inatofautiana kidogo. Vifaa vya ofisi huko vinanunuliwa kwa sehemu kubwa kutokana na mapato ya ndani, na mapato hayo yana msimu wake. Halmashauri inayotegemea ushuru wa mazao huwa na fedha baada ya mavuno na hukaukiwa mvua zinapoanza; ya mjini, inayotegemea vibali, leseni na ushuru wa masoko, mapato yake hutiririka kwa utulivu zaidi. Taarifa za mapato ya kila robo mwaka husomwa kwenye Baraza la Madiwani, na kikao hicho ni cha wazi. Mzabuni anayeketi pale nyuma na kusikiliza kwa saa moja anajua mengi kuliko anayesubiri tangazo la zabuni nyumbani. Vilevile ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuhusu Serikali za Mitaa, ambayo huwasilishwa bungeni kila Aprili, huzungumzia madeni ya wazabuni, nami hushangaa jinsi watu wanaozikopesha halmashauri mamilioni ya shilingi kwa bidhaa zao wasivyoifungua.

Sasa hesabu yako ya kodi. Tuseme unanunua kwa mfanyabiashara wa jumla bidhaa za milioni 40 kabla ya VAT, na unaiuzia taasisi kwa milioni 43.2, yaani nyongeza ya asilimia 8. Kwa VAT ya asilimia 18, wewe unamlipa wa jumla milioni 47.2, na ankara yako kwa taasisi inasoma milioni 50.976. Siku ya malipo watazuia asilimia 2 ya bei kabla ya VAT kwa ajili ya kodi ya mapato, yaani shilingi 864,000, na asilimia 3 ya bei hiyo hiyo kwa ajili ya VAT ya bidhaa, yaani shilingi 1,296,000. Mkononi unapata milioni 48.816. Faida yako ya milioni 3.2 haijapotea, ila nusu yake, kama milioni 1.6, imekaa TRA kwa jina lako, ukisubiri kuitumia kupunguza kodi zijazo.

Tazama pia kwamba VAT unayodaiwa kweli katika biashara hiyo, baada ya kutoa uliyomlipa wa jumla, ni shilingi 576,000, wakati waliyozuia ni 1,296,000. Anayeuza kwa faida nyembamba atajikuta kila mwezi anaidai mamlaka ya kodi badala ya kudaiwa. Kwa mwenye mtaji mkubwa huo ni usumbufu tu. Kwako wewe ni mtaji unaolala.

Ongeza riba. Benki nyingi zinakopesha karibu na asilimia 15 kwa mwaka. Ukikopa milioni 47.2 zote na taasisi ikakulipa baada ya miezi sita, riba ni milioni 3.54. Umefanya kazi nusu mwaka, umebeba maboksi, umechapa ankara, na umepata hasara ya shilingi 340,000 kabla ya nauli ya gari.

Muuza saruji na mabati, Njombe

Mzee wa Dodoma amesema kweli tupu, lakini naona amemtisha ndugu yetu kuliko inavyostahili, maana si fedha zote za umma zinachelewa. Mimi nauza vifaa vya ujenzi, na sehemu kubwa ya wateja wangu ni kamati za shule zinazojenga madarasa na vyoo kwa fosi akaunti, yaani zinanunua vifaa na kuwalipa mafundi zenyewe bila mkandarasi. Fedha za miradi kama BOOST kwa shule za msingi na SEQUIP kwa sekondari huingia kwenye akaunti ya shule kabla ujenzi haujaanza. Mwalimu mkuu anapokuja kwangu, ninachomuuliza kwa adabu ni kama fedha imeshaingia, na mara nyingi ananionyesha taarifa ya benki bila kinyongo. Hapo malipo hukamilika ndani ya wiki mbili au tatu, na siku hizi hata manunuzi hayo yanapitishwa kwenye NeST, kwa hiyo kumbukumbu zipo.

Ugumu wake ni kwamba oda ni ndogo na zimetawanyika. Unapeleka mifuko 200 ya saruji kijiji ambacho lori linakwama mara mbili njiani. Pia bei haina nafasi ya kuchezea. Zamani tulikuwa tunaiingiza gharama ya kusubiri ndani ya bei, na kila mtu alijua kwamba saruji ya Serikali ni ghali kuliko ya jirani. Sheria ya sasa imeweka msingi wa bei kikomo kwa bidhaa za kawaida, na bei za wenzako zinaonekana kwenye mfumo, hivyo ule mto wa kulalia umeondolewa. Nadhani ni haki kwa mlipakodi, ila ilipaswa kwenda sambamba na kulipwa kwa wakati, na hilo la pili bado tunalisubiri.

Kuhusu uchaguzi, nimepitia chaguzi tatu nikiwa dukani. Nilichokiona ni kwamba kabla ya kampeni miradi ya madarasa, zahanati na visima husukumwa sana, kwa hiyo sisi wa vifaa vya ujenzi hupata kazi. Baada ya uchaguzi kuna miezi miwili mitatu ya ukimya, kwa sababu mabaraza ya madiwani, ambayo huvunjwa kabla ya uchaguzi, huwa bado yanaundwa upya, wakuu wa idara huhamishwa, na mtu mpya hapendi kusaini madai ambayo hakuyaanzisha. Kwa vifaa vya ofisi sijui kama kuna msukumo wowote, lakini ukimya wa baadaye utakugusa. Deni lako la mwaka jana lifuatilie sasa, kabla ya Oktoba, wakati walioshuhudia bidhaa zikipokelewa bado wako kwenye viti vyao.

Muuza vifaa vya ofisi, Morogoro

Nawashukuru sana, mzee na kaka wa Njombe. Hesabu ya mzee imeninyima usingizi, hasa pale faida yote inapomezwa na riba. Ninaomba kuuliza jambo la ziada. Kampuni yangu haina ubia na vijana wala wanawake, lakini mke wangu na wenzake wanne wana kikundi kilichosajiliwa halmashauri. Sheria inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa ajili ya makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Je, njia hiyo ni nyepesi zaidi? Na je, mikataba ya Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini (GPSA) kwa bidhaa na huduma mtambuka, zile zinazohitajika na taasisi nyingi, ina manufaa kwa mtu wa ngazi yangu?

Mfanyabiashara, Nakuru

Naingia kutoka upande wa pili wa mpaka, kwa kuwa haya mnayoyajadili yametutesa Kenya kwa muda mrefu. Kwetu fungu la asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu lipo chini ya mpango wa AGPO, nami niliingia kwa mlango huo nikiwa kijana. Kupata zabuni hakukuwa shida kubwa. Shida ilikuwa kwamba fungu hilo linakuhakikishia nafasi ya kuuza, bali halisemi lolote kuhusu siku ya kulipwa, na kijana asiye na akiba ndiye anayeumia zaidi hundi inapochelewa mwaka mzima. Nilishuhudia wenzangu wakipoteza magari na mashamba kwa ajili ya zabuni walizoshinda kwa shangwe.

Madeni haya yalilimbikizwa hadi Serikali ya Kitaifa ikaunda kamati ya kuyahakiki, na kamati hiyo ikapewa madai ya kuanzia Juni 2005 hadi Juni 2022. Fikirini mtu aliyepeleka bidhaa mwaka 2006 akiombwa leo atoe hati ya mapokezi. Waliokuwa na karatasi zao kamili walisikilizwa. Waliokuwa na maneno ya “bwana fulani aliniahidi” walibaki na maneno. Katika kaunti hali huwa mbaya zaidi baada ya uchaguzi, kwani gavana mpya huanza kwa kuyahakiki upya madeni ya mtangulizi wake, na uhakiki huo unaweza kuchukua muhula mzima.

Nina angalizo moja kuhusu matarajio ya bajeti. Mwaka 2024 Hazina yetu ilitarajia kukusanya shilingi za Kenya bilioni 346 za ziada kupitia Mswada wa Fedha. Maandamano ya vijana yakatokea, Rais akauondoa mswada mwezi Juni, na baada ya wiki chache matumizi yakapunguzwa kwa bajeti ya nyongeza. Mimi nilikuwa nimeshaagiza samani za ofisi kwa kutegemea idara mbili. Idara moja ilifuta zabuni, na ile nyingine ilinyamaza tu. Tangu hapo sikubali mnunuzi wa umma azidi theluthi moja ya mauzo yangu ya mwaka, hata kama zabuni inapendeza vipi, na duka la rejareja ambalo nilikuwa nikilidharau ndilo linalolipa mishahara ya wafanyakazi wangu.

Mhasibu mstaafu, Dodoma

Ndugu wa Nakuru amenipunguzia kazi. Kwa kikundi cha mama, jibu langu ni ndiyo, waingie, kwa sababu ushindani katika fungu lile ni mdogo na masharti ya dhamana ni mepesi, tena wanaweza kuanza na oda za milioni mbili au tatu ambazo mtaji wao wenyewe unatosha. Wajisajili NeST kwa jina la kikundi, wachague aina chache za bidhaa wanazozimudu, na wasikubali kutumiwa kama koti la kampuni yako. Wakaguzi wanaijua sana njia hiyo, na kikundi kinachoshinda zabuni huku bidhaa, gari na akaunti vyote ni vya mume wa mwenyekiti hakitamaliza ukaguzi mmoja bila maswali.

Mikataba ya GPSA usiidharau, ila ielewe. Kuwa kwenye orodha hiyo kunakuruhusu kualikwa, na taasisi ndiyo inayoamua kama itaagiza na itaagiza kiasi gani. Nimeona watu wakipeleka mkataba wa namna hiyo benki kana kwamba ni oda mkononi, na nimeona maafisa mikopo wakiupokea hivyo hivyo.

Kuhusu milioni 80 za nyumba, mimi nisingesaini. Badala yake fungua NeST sasa hivi, wakati mipango ya ununuzi ya mwaka bado ni mipya, na uandike taasisi za mkoa wako zilizopanga kununua bidhaa zako, robo gani ya mwaka na kwa fedha ya chanzo gani. Zile zenye vyanzo vyao zenyewe, kama vyuo vinavyokusanya ada au mamlaka za maji zinazokusanya ankara kila mwezi, ziweke juu. Zinazotegemea OC pekee ziweke chini, na uziuzie kwa kiasi ambacho hata wasipolipa kwa miezi tisa duka halitafungwa. Ukipata LPO ya mfumo kutoka taasisi ya kundi la kwanza na mtaji ukapungua, nenda benki ukaombe mkopo wa LPO hiyo moja tu, wenye muda mfupi, ambao malipo yake yanapita moja kwa moja kwenye akaunti ya benki hiyo.

Na lile deni la Mei mwaka jana, andika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri ambaye ndiye afisa masuuli, ambatisha nakala ya LPO, hati ya kupokea bidhaa, ankara na risiti ya mashine ya kodi (EFD), kisha uombe uthibitisho wa maandishi kwamba deni limo kwenye orodha ya madeni iliyofungwa tarehe 30 Juni. Nakala ipeleke kwa Mkaguzi wa Ndani. Mhuri wa masijala wenye tarehe ugongwe kwenye nakala yako, na usiondoke dirishani bila hiyo nakala.

Muuza vifaa vya ofisi, Morogoro

Nimeelewa, mzee. Benki nimewaandikia jana kwamba nitarudi nikiwa na LPO. Barua ya deni imepokelewa masijala leo asubuhi, na mhuri upo. Nimeanza pia kuzipitia taasisi za Morogoro kwenye mipango ya ununuzi. Hadi sasa nimefika ya kumi na moja, na nne kati yake zina vyanzo vyao zenyewe. Chuo ninachokiuzia kimo katika hizo nne, na kimepanga kununua karatasi na wino robo ya pili.

Muuza saruji na mabati, Njombe

Robo ya pili ni Oktoba hadi Desemba, kaka. Ulizia bei za wa jumla mapema, kabla shule hazijaanza kununua vifaa vya Januari.